Maneno Arobaini ya Kiswahili na Mtoto wa Nyamira

Februari 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti mfupi wa wanasaikolojia Jeffrey Karpicke na Henry Roediger. Walitaka kujua ni jambo gani hasa linalofanya neno jipya likae kichwani. Wanafunzi wa chuo kikuu walipewa maneno 40 ya lugha wasiyoijua hata kidogo, kila moja na maana yake kwa Kiingereza, wakaambiwa wajifunze. Lugha yenyewe ilikuwa Kiswahili, na neno linalotajwa mara nyingi kama mfano wa utafiti huo ni "mashua".

Usidhani Kiswahili kilichaguliwa kwa mapenzi. Mwaka 1994 Thomas Nelson na John Dunlosky walikuwa wametoa orodha ya maneno 100 ya Kiswahili ambayo ugumu wake ulikuwa umeshapimwa kwa wanafunzi wa Kimarekani: lipi linashikika upesi, lipi linasumbua. Tangu hapo, mtafiti wa kumbukumbu anayehitaji maneno mageni kwa wanafunzi wake mara nyingi huchota kwenye orodha hiyo. Kiswahili huandikwa kwa herufi wanazozijua, husomeka kama kilivyoandikwa, na kijana wa kawaida wa Marekani hujua maneno yake machache mno, kama anajua lolote. Basi mashua, wingu na wenzao wamepita katika maabara nyingi kuliko alizowahi kupita Mswahili yeyote.

Mara nyingine wasomi walipojifunza kutoka kwetu ilikuwa mapema zaidi na karibu zaidi. Katika miaka ya 1970 milima ya Gusii, magharibi mwa Kenya, iliko kaunti yetu ya Nyamira, ilipokea kundi la watafiti wa Kimarekani waliokuja na saa, madaftari na kamera kutazama akina mama wakilea watoto wachanga. Waliyoyaandika yakaingia katika mjadala wa dunia kuhusu namna watoto wanavyolelewa na kusemeshwa.

Maneno yetu na watoto wetu, kwa hiyo, vimewafundisha wasomi wa mbali mengi kuhusu msamiati. Darasa la Nyamira bado halijapata mgao wake, na ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na yale maneno 40. Kila mwanafunzi alipitia orodha nzima, kisha akaulizwa: mashua ni nini? Zikafuata raundi za kusoma na kuulizwa, kusoma na kuulizwa. Tofauti ilianza pale mwanafunzi alipolipata neno kwa mara ya kwanza. Kundi moja liliendelea kulisoma neno hilo na kuulizwa kila raundi. La pili halikulisoma tena ila liliendelea kuulizwa. La tatu lilifanyiwa kinyume: neno lililokwisha kupatikana lilirudi kusomwa kila raundi, lakini halikuulizwa tena. La nne liliachana nalo kabisa, lisisomwe wala kuulizwa. Kikao kilipomalizika makundi yote yalikuwa sawa, kwani karibu kila mtu alikuwa ameyapata maneno yote. Walipotakiwa kukisia watakayokumbuka baada ya wiki moja, wote walikisia karibu nusu.

Wiki ilipokwisha, makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka takribani asilimia 80. Lile lililoendelea kusoma bila kuulizwa lilikumbuka asilimia 36. Lililoachana na yote lilikumbuka 33.

Hebu zirudie tarakimu hizo. Kulisoma neno tena na tena baada ya kulijua kulimwongezea mwanafunzi alama tatu tu juu ya aliyekaa bure. Kulitafuta kichwani, bila jibu kuwa mbele ya macho, kulimpandisha zaidi ya maradufu. Kinachotisha zaidi ni kwamba wanafunzi wenyewe hawakuiona tofauti hiyo ikija. Aliyekuwa akisahau na aliyekuwa akihifadhi walijiona sawasawa.

Sasa ingia darasa la gredi ya tatu popote kati ya Keroka na Ekerenyo. Mwalimu ameandika maneno kumi ubaoni, la Kiswahili upande huu, la Kiingereza upande ule. Anasoma, darasa linaitikia kwa sauti moja. Mara tatu, mara nne, hadi wa darasa la jirani wanajua leo wenzao wanafundishwa nini. Kisha madaftari yanatolewa, maneno yananakiliwa, mwalimu anapita kati ya madawati akisahihisha mwandiko, kengele inalia. Hakuna aliyezembea. Mwalimu ana watoto tele mbele yake na vitabu havitoshi, na kuimba kwa pamoja ni njia ya kuhakikisha kila mdomo umefunguka. Lakini kwa kipimo cha jaribio la Karpicke na Roediger, watoto hawa ni kundi la tatu. Jibu liko ubaoni muda wote, wala hakuna anayelazimika kulitafuta.

Mkulima wa Kebirigo hahitaji jarida la Science kulielewa hili. Mchai unaochumwa kwa wakati ndio unaochipua, na uliosahauliwa huota ukawa mti, majani yake hayafai kiwanda. Neno nalo huzaa kwa kuchumwa.

Dawa yake haina gharama. Mwalimu afute ubao, au aufunike kwa gazeti, aulize. Kila mtoto aandike jibu kwenye karatasi ya rafu kabla jirani hajalitaja. Kisha ubao ufunuliwe, kila mmoja ajisahihishe. Maneno ya Jumatatu yarudi Jumatano, yarudi tena wiki inayofuata, maana tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipojifanyia majaribio ya kukariri na kusahau, akachapisha matokeo mwaka 1885, inajulikana kuwa marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Stuart Webb alipopima mwaka 2007 aliona kwamba faida iliendelea kupanda kila neno lilipokutwa tena, na kwamba hata mara kumi zinaweza zisitoshe kulijua neno kikamilifu. Mara kumi! Vitabu vyetu vingi vya kiada hulileta neno jipya kwenye kisanduku cha msamiati, hulitumia katika kifungu kimoja, kisha hulizika.

Najua neno mtihani lina sifa mbaya katika nchi hii, na Gusii imelionja zaidi ya wengi. Tumeshuhudia shule zikipigana vikumbo kwa alama za wastani, watoto wakiamshwa alfajiri kufanya karatasi za majaribio, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 wengi walishusha pumzi. Ninachokisema hapa hakina uhusiano na kupanga watoto wa kwanza hadi wa mwisho. Ni swali lisilo na alama, lisiloandikwa kwenye ripoti, linaloulizwa kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mwalimu anayeona haya kuliita mtihani aliite mchezo.

Utafiti mwingine wa aina hiyo utamchekesha msomaji wa Kiswahili. Mwaka 2010, Mary Pyc na Katherine Rawson wa Chuo Kikuu cha Kent State walieleza, katika jarida lilelile la Science, jinsi wanafunzi wao walivyojitengenezea madaraja ya kuvukia kutoka neno geni hadi maana yake. Mfano wao ni "wingu". Mmarekani akilitazama analiona ndani yake neno la Kiingereza lenye maana ya bawa, bawa linamkumbusha ndege, ndege huruka juu, na huko juu ndiko kuliko mawingu. Safari ndefu, lakini inafika. Waligundua kuwa kuulizwa mara kwa mara humsaidia mtu kupata madaraja yaliyo imara, na kuyakumbuka yanapohitajika.

Mtoto wa Nyamira hana haja ya kuzunguka hivyo. Anafika shuleni na daraja lililojengwa tayari, nalo ni Ekegusii, lugha ya nyumbani kwao. Nyumba kwao ni enyomba. Maji ni amache. Mtu ni omonto, na wengi ni abanto. Ng'ombe ni eng'ombe. Akihesabu husema ibere, isato, inye, isano, na sikio la Mswahili linasikia mbili, tatu, nne, tano bila kutafsiriwa. Isitoshe, ana ngeli. Kijana wa Marekani aliyekariri mashua hajui kwamba vivumishi na vitenzi vya Kiswahili hufuata ngeli ya nomino. Mtoto wa Mgusii amekuwa akipatanisha maneno ya sentensi kwa ngeli tangu alipoanza kusema, na hakufundishwa na mtu. Kamil Ud Deen, aliyetoa kitabu mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, alionyesha jinsi viambishi hivyo vinavyojitokeza mapema katika vinywa vya watoto wadogo, japo mwanzoni huachwa huku na kule.

Daraja hilo lina mbao zilizooza pia, na mwalimu asiyejua Ekegusii atazikanyaga. Katika Ekegusii, "baba" ni mama mzazi. Baba mzazi ni "tata". Mtoto wa chekechea anafunguliwa ukurasa wa familia, picha ya mwanamume mwenye kofia, na mwalimu anamwambia huyu ni baba. Anayenyamaza wakati huo si mzito wa kuelewa. Anapambana na jambo ambalo hata mtu mzima lingemtatiza, maana neno analolijua kuliko maneno yote duniani limepewa mtu mwingine. Mwalimu mwenyeji hutabasamu, akatoa maelezo ya sentensi moja, mambo yakaisha. Mgeni huandika kwamba mtoto hajui hata baba.

Na kuna hesabu. Ekegusii huhesabu kwa kurudia tano: sita ni isano na emo, yaani tano na moja, saba ni isano na ibere, nane ni isano na isato. Kujumlisha kumefichwa ndani ya jina la nambari. Watafiti waliochunguza watoto wa Asia ya Mashariki wameandika sana kuhusu faida ya majina ya nambari yanayojieleza, kwa sababu Wachina husema kumi na moja waziwazi wakati Mwingereza ana neno la pekee lisiloonyesha kumi wala moja. Sijaona kitabu cha hesabu cha gredi ya kwanza kinachomwambia mtoto wa Manga kwamba lugha ya bibi yake tayari imemfanyia hesabu ya tano kujumlisha tatu.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu ushahidi, maana watetezi wa lugha za mama huupamba kupita kiasi. Mradi wa usomaji wa PRIMR ulifundisha watoto kusoma kwa Kikamba huko Machakos na kwa Lubukusu huko Bungoma, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba watoto walisoma lugha zao vizuri zaidi. Uchambuzi wa pili, wa mwaka 2018, ulikuta kwamba faida hiyo haikuvuka yenyewe hadi Kiingereza wala Kiswahili, na katika hesabu haikusaidia. Wapo waliolichukua hilo kuwa hukumu dhidi ya lugha ya mama. Mimi nalisoma tofauti. Daraja halimvushi mtu ambaye hakuambiwa kwamba lipo. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa lugha yake asubuhi, kisha akafundishwa Kiingereza mchana kana kwamba asubuhi haikuwapo, atabaki na vyumba viwili visivyo na mlango kati yake. Kumwonyesha kwamba enyomba na nyumba ni ndugu ni kazi ya mwalimu, na haijifanyi.

Turudi kwa akina mama na kamera. Robert LeVine alifika Gusii kwa mara ya kwanza mwaka 1955, akiwa mwanaanthropolojia kijana, na kitabu alichokiandika na Barbara LeVine kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo kilitoka mwaka 1966. Kati ya 1974 na 1976 alikuwa tena Gusii pamoja na Sarah LeVine na wenzao, miongoni mwao wakiwamo madaktari wa watoto. Waliwatazama akina mama wa Kigusii na watoto wao wachanga, wakawalinganisha na akina mama wa tabaka la kati mjini Boston. Kitabu chao kikuu kilitoka mwaka 1994.

Walichokiona kinaweza kuelezwa kwa ufupi. Mama wa Kigusii alimbeba mwanawe, akalala naye, na mtoto alipolia alinyonyeshwa au kubembelezwa papo hapo. Kuzungumza naye kulikuwa kudogo, na kumtazama machoni kudogo zaidi. Mama wa Boston alimshika mtoto kwa muda mfupi zaidi lakini alimwaga maneno: alimuuliza mtoto wa miezi michache maswali, akajijibu mwenyewe, akasifu kila kicheko. Mama wa Gusii alitaka mtoto mtulivu, asiye na purukushani, ambaye angeweza kukabidhiwa omoreri, yaani kaka au dada yake mkubwa wa kumlea, wakati yeye yuko shambani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1984, akina mama waliombwa wawafundishe watoto wao kazi ndogo. Yule wa Marekani alieleza kwa maneno, kipande kwa kipande, akishangilia. Yule wa Gusii aliifanya kazi yote mbele ya mtoto, mwanzo hadi mwisho, kisha akamwachia aifanye.

Mwaka mmoja baada ya kitabu cha LeVine, yaani 1995, Betty Hart na Todd Risley walitoa chao kuhusu familia 42 za Kansas. Walikuwa wamerekodi mazungumzo ya kila nyumba saa moja kwa mwezi, kwa zaidi ya miaka miwili, kisha wakapiga hesabu kwamba kabla ya kuanza shule mtoto wa maskini husikia maneno milioni 30 pungufu kuliko mtoto wa wenye taaluma. Tarakimu hiyo ilienea dunia nzima, na leo hata semina za malezi hunukuu, bila kutaja Kansas, kwamba mzazi asiyemsemesha mtoto mchanga anamharibia akili.

Ukiweka matokeo ya Kansas juu ya matokeo ya Gusii, utahitimisha kwamba watoto wa Gusii wa miaka ya 1970 walikuwa mabubu. Kila mmoja wetu anawajua watoto hao. Leo ndio walimu wakuu, wahubiri, mawakili na wanasiasa wa Gusii, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba Mgusii amekosa maneno.

Wapi basi hesabu ilikwenda mrama? Mwaka 2019 Douglas Sperry na wenzake walionyesha, kwa kutumia jamii kadhaa za Marekani yenyewe, kwamba pengo hilo hubadilika sana ukihesabu maneno yote yanayomfikia mtoto, yakiwemo yale ambayo watu wengine wanazungumza wao kwa wao mtoto akiwa kando. Hart na Risley walikuwa wamemtazama zaidi mlezi mmoja. Mwaka 2020 Marisa Casillas, Penelope Brown na Stephen Levinson walitoa ripoti ya watoto wa Kimaya huko Tenejapa, Mexico, wanaosemeshwa moja kwa moja chini ya dakika nne kwa saa. Watoto hao walianza kutamka maneno yao ya kwanza na kuyaunganisha kwa wakati uleule unaotarajiwa kwa watoto wengine.

Boma la Kigusii halikuwahi kuwa na mlezi mmoja. Mtoto alikuwa mgongoni mwa omoreri, na omoreri alikuwa na wenzake, wakibishana, wakiimba, wakitaniana. Jioni alikuwa jikoni kwa magokoro, bibi yake, ambako watu wazima walizungumza mambo yao bila kupunguza sauti. Majaribio ya Jenny Saffran na wenzake ya mwaka 1996 yalionyesha kwamba mtoto wa miezi minane, akisikiliza mfululizo wa sauti kwa dakika mbili tu, huanza kutambua wapi neno linaishia na lingine linaanza. Hakuna aliyekuwa akimfundisha.

Mtoto akishaweza kutembea, huanza kutumwa. Lete kile kikombe. Mpelekee babu kigoda, si hicho, kile kingine. Ninaamini kutumwa ndiyo shule ya kwanza ya msamiati katika Gusii, na ninashangaa kwamba wataalamu wa malezi hawaitaji. Mwaka 1978 Susan Carey na Elsa Bartlett walifanya jambo linalofanana kabisa na hilo. Mwalimu wa chekechea alimwambia mtoto amletee sinia ya rangi fulani, akatumia jina la rangi ambalo mtoto hajawahi kulisikia, akaongeza tu kwamba asilete ile ya buluu. Mtoto alilazimika kukisia, akaleta sinia sahihi. Wiki kadhaa baadaye baadhi ya watoto bado walikuwa wamehifadhi kitu kuhusu neno hilo walilolisikia kupitia agizo tu. Wasomi waliona ajabu. Mama wa Nyansiongo hufanya hivyo mara ishirini kabla ya chakula cha mchana.

Kuwatetea akina mama wa 1974 hakumaanishi kwamba hakuna lililobadilika. Akina LeVine wenyewe walifuatilia mambo hayo katika nchi nyingine na kukuta kwamba mama aliyesoma zaidi humsemesha mtoto zaidi, na kitabu chao cha mwaka 2012 kinahusu hilo. Omoreri wa leo yuko darasani, kama anavyostahili. Magokoro yuko peke yake Nyamira huku wajukuu wako Nakuru au Nairobi. Mtoto anayebaki na yaya na televisheni hana lile boma lenye sauti kumi. Kwake yeye, mzazi kuzungumza naye kunahitajika zaidi kuliko kulivyohitajika kwa mama yake.

Na maneno yahesabiwe kwa haki. Katie Alcock na wenzake walipotaka kupima msamiati wa watoto wadogo huko Kilifi, walirekebisha dodoso la Kimarekani kwa Kiswahili na Kigiriama, na kwa kuwa akina mama wengi hawakujua kusoma, waliwauliza kwa mdomo. Ripoti ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba mama asiyejua kusoma anajua vizuri maneno ya mwanawe. Kwa majirani zetu Wajaluo, Heather Knauer na wenzake waliwapima watoto msamiati kwa Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, jambo ambalo shule zetu hazifanyi. Kisha wakawapa wazazi vitabu vya hadithi vyenye picha na kuwafunza jinsi ya kuvitumia: kuuliza, kuonyesha, kumwacha mtoto aeleze. Watoto waliongeza maneno yaliyomo vitabuni, na wale ambao wazazi wao hawajui kusoma walifaidika angalau sawa na wenzao. Mzazi alisimulia picha kwa lugha yake. Hiyo ilitosha.

Ukimpima mtoto wa Ikonge kwa Kiingereza tu, utapata maneno machache na utamwita mnyonge wa lugha. Ukijumlisha ya Ekegusii, ya Kiswahili cha sokoni na ya Kiingereza cha kitabuni, unapata mtu mwingine. Nathan Ogechi aliandika tasnifu nzima huko Hamburg, mwaka 2002, kuhusu jinsi Wagusii wanavyochanganya lugha hizo na Sheng katika mazungumzo yao.

Kazi iliyo mbele ya mtoto huyo bado ni kubwa. Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila msaada kunahitaji koo 8,000 hadi 9,000 za maneno. Zigawanye 8,000 kwa miaka 12 ya shule, ni zaidi ya 660 kila mwaka, kwa mtoto ambaye kuanzia gredi ya nne masomo karibu yote yatakuwa kwa Kiingereza. Haziwezi kupatikana kwa kuimba orodha za ubaoni.

Sera haikosekani. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya kwanza, mtaala wa umilisi umelirudia hilo hadi gredi ya tatu, na kifungu cha 7 cha Katiba kinaiagiza serikali kukuza lugha za wenyeji. Ekegusii kina kamusi kubwa iliyoandaliwa na Kennedy Bosire na Gladys Machogu. Kinachokosekana ni kitabu cha hadithi mkononi mwa mtoto wa miaka minne, na mwalimu aliyeambiwa kwamba kufunika ubao ni kufundisha.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Walimu wake huajiriwa na kaunti, na bajeti yake hupitishwa na bunge la kaunti pale Nyamira mjini. Waheshimiwa wanaokaa humo walijifunza maneno yao ya kwanza mgongoni mwa omoreri. Wanunue vitabu vya hadithi vya Ekegusii kwa kila chekechea, wawape walimu siku mbili za mafunzo ya kuuliza badala ya kuimbisha, na waanze muhula ujao. Wasiisubiri Nairobi.